Kompyuta ikikataa kuzimika, kuchomoa waya si dawa: Funzo kwa Kisii na Nyamira

SAA moja jioni katika saiba nyingi za mji wa Kisii, kazi ya mwisho ni ile ile. Mteja akishalipa na kuondoka, mwenye duka huzima kompyuta moja baada ya nyingine, akafunga madirisha na kutafuta kufuli. Lakini zipo siku ambapo mashine moja hukataa kuzimika. Kioo hubaki na ujumbe kwamba mfumo unajizima, dakika tano zikapita, kumi zikapita, na huku matatu ya mwisho ya kuelekea Keroka inapiga honi stejini. Mwenye duka huona hana budi ila kunyoosha mkono ukutani na kuchomoa waya.

Kitendo hicho cha sekunde moja kinaweza kugharimu kazi ya mwaka mzima. Asubuhi inayofuata kompyuta huenda ikawaka bila tatizo, na mwenyewe akaamini kwamba amegundua dawa. Huenda pia ikawaka nusu, au isiwake kabisa, na kupoteza hesabu za chama cha akiba, alama za wanafunzi au nyaraka za mteja ambaye aliahidiwa kwamba angezichukua kesho.

Suala hili lingeweza kupuuzwa kama ni la mafundi pekee. Hata hivyo, matukio ya miezi ya hivi karibuni yamelifanya kuwa suala la umma. Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kurekebisha mfumo wa Windows 10, ambao ulikuwa ukitumika tangu 2015. Wenye kompyuta walibakia na njia tatu: kununua mashine mpya zinazokubali Windows 11, kujisajili kwa nyongeza ya ulinzi ambayo kwa watumiaji wa nyumbani ilipangiwa kufika Oktoba 13, 2026, au kuhamia mifumo isiyolipiwa ya jamii ya Linux kama vile Ubuntu na Linux Mint. Kila mojawapo ya njia hizo inahusu kubadilishwa kwa sehemu nyeti za programu, na ni wakati wa mabadiliko kama hayo ambapo kompyuta huanza kukataa kuzimika.

Isitoshe, hata wenye mifumo mipya hawakusalimika. Sasisho ambalo Microsoft ilitoa Januari 13, 2026 lilifanya baadhi ya kompyuta zinazotumia toleo la 23H2 la Windows 11 ziwake upya kila zilipoamriwa kuzimika. Hitilafu hiyo iligusa mashine za mashirika zilizowashiwa kinga maalumu inayoitwa Secure Launch, na kampuni ikalazimika kutoa marekebisho ya dharura siku nne baadaye. Mnamo Oktoba 2025 kampuni iyo hiyo ilikuwa imetoa marekebisho ya kasoro nyingine, ambapo mtu aliyechagua kusasisha kisha kuzima alishtukia kompyuta yake imewaka tena.

Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho inaweza kujikwaa kwenye jambo linaloonekana dogo kama kuzima, basi ni bayana kwamba kuzima si jambo dogo.

Kitabu kilichoondolewa rafuni

Ili kuelewa kiini cha tatizo, sharti kwanza tufahamu maana ya maktaba katika lugha ya kompyuta. Programu nyingi hazibebi maarifa yote zinayohitaji. Jinsi ya kufungua faili, kuandika herufi kwenye kioo au kuwasiliana na intaneti ni mambo yanayohitajika na kila programu. Badala ya kila moja kujiandikia maelezo yake, maelezo hayo huhifadhiwa pahali pamoja, na kila programu huyasoma inapoyahitaji. Hazina hiyo ndiyo maktaba ya programu. Katika Linux, maktaba kuu kuliko zote huitwa glibc, na ni programu chache mno zinazoweza kufanya kazi bila hiyo.

Sasa tuchukue mfano wa maktaba ya kawaida ya vitabu. Msomaji ameketi na toleo la zamani la kitabu. Mkutubi anakuja, analiondoa jina la toleo hilo kwenye orodha na kuweka toleo jipya rafuni. Kwa mujibu wa orodha, kitabu cha zamani hakipo tena. Lakini msomaji bado anacho mkononi na anaendelea kukisoma. Jioni inapofika, mkutubi hawezi kufunga hesabu ya siku mpaka kitabu hicho kirudishwe.

Hivyo ndivyo Linux inavyofanya kazi maktaba inapobadilishwa. Mfumo huo huruhusu faili kubadilishwa huku programu zikiendelea kulitumia. Faili la zamani hufutwa jina, lakini nafasi yake kwenye diski haiachiliwi hadi programu ya mwisho inayolitumia ifungwe. Faida yake ni kwamba seva ya hospitali au ya benki inaweza kusasishwa bila huduma kusimama. Hasara yake hujitokeza wakati wa kuzima. Kabla ya umeme kukatwa, mfumo hutakiwa kuifunga diski ili isiandikwe tena. Iwapo ipo programu ambayo bado imeshikilia faili lililofutwa, diski huhesabiwa kuwa ingali na kazi na hukataa kufungwa.

Tatizo huwa zito zaidi pale anayeshikilia faili la zamani ni ule mchakato wa kwanza kabisa, ambao huwasha mingine yote na ndio hufungwa mwisho. Waundaji wa mifumo hii walilitambua jambo hilo miaka mingi iliyopita. Katika Debian, ambao ndio mzazi wa Ubuntu, kifurushi cha glibc kikishawekwa humwagiza mchakato huo wa kwanza ujianzishe upya papo hapo, bila kuzima kompyuta, ili uachilie toleo la zamani na kushika jipya. Mifumo ya kisasa inayotumia meneja aitwaye systemd ina amri ya kazi iyo hiyo, na wakati wa kuzima hukabidhi usukani kwa programu nyingine ndogo inayomalizia kufunga diski.

Kwa sababu hiyo, mashine iliyosasishwa vyema na kukamilisha sasisho lake haikwami mara nyingi. Inayokwama zaidi ni ile ambayo sasisho lake lilikatizwa katikati, au ambayo ina programu ya pembeni, mathani ya printa au ya hesabu, iliyoundwa kwa ajili ya maktaba ya zamani na isiyoelewana na mpya. Programu kama hiyo ikiambiwa ifunge, haijibu. Kwa kawaida systemd huipa kila huduma sekunde 90 kabla ya kuifunga kwa nguvu. Huduma zikiwa tatu au nne, zikifuatana kwa zamu, muda huo unakuwa dakika kadhaa. Malalamiko kuhusu kusubiri huko yaliwafanya waandalizi wa Fedora kupunguza muda huo hadi sekunde 45 katika toleo lao la 38 la mwaka 2023.

Windows hufuata mkondo tofauti. Haikubali kirahisi kubadilisha faili linalotumika. Badala yake huandika orodha ya mafaili yanayongoja, kisha huyabadilisha wakati wa kuzima na wa kuwasha. Hii ndiyo maana ya ule ujumbe unaomsihi mtumiaji asizime kompyuta yake. Kwa hivyo, mtu anayechomoa waya wakati huo anakuwa amemkata mkono fundi akiwa katikati ya kubadilisha jiwe la msingi.

Kuzima kusikokuwa kuzima

Kuna jambo jingine ambalo watumiaji wengi wa Windows hawalifahamu. Tangu toleo la Windows 8 lililotolewa mwaka 2012, amri ya kuzima haizimi kila kitu kwenye kompyuta nyingi. Ili mashine iwake haraka kesho yake, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski kama kilivyo, kisha hurejeshwa. Tatizo lililokuwapo jana hurudi pamoja nacho. Amri ya kuwasha upya, kinyume na watu wanavyodhani, ndiyo inayosafisha kila kitu na kuanza mwanzo.

Hii inaeleza kwa nini mtu anaweza kuizima kompyuta kila jioni kwa wiki nzima na bado aambiwe kwamba haijawashwa upya tangu sasisho liwekwe. Anayetaka kuzima kikamilifu anaweza kubonyeza kitufe cha Shift na kukishikilia huku akibofya amri ya kuzima.

Sisi tulioanza kazi katika vyumba vya habari miaka ya tisini tunakumbuka kompyuta zilizomaliza shughuli zake kisha zikaandika kwa rangi ya machungwa kwamba sasa ni salama kuzizima. Mtumiaji ndiye aliyebonyeza swichi kwa mkono wake. Kazi hiyo ilipokabidhiwa programu mwishoni mwa mwongo huo, matatizo yalianza mara moja, kiasi kwamba Microsoft ilitoa nyongeza maalumu ya kurekebisha kuzimika kwa Windows 98 Toleo la Pili. Mnamo Februari 2020, majuma machache baada ya huduma ya kawaida ya Windows 7 kukomeshwa, watumiaji wake walijikuta wakiambiwa kwamba hawana ruhusa ya kuzima kompyuta zao wenyewe. Robo karne imepita, na ugonjwa bado ni ule ule.

Radi na stima

Kwa nini basi suala hili liwahusu zaidi wakazi wa Kisii na Nyamira? Jibu la kwanza liko angani. Milima ya Gusii hupata mvua nyingi, na aghalabu hunyesha alasiri ikiandamana na ngurumo. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na vifo vya watu na mifugo kutokana na radi si habari ngeni katika kaunti hizi mbili. Kila mzazi humfunza mtoto wake kwamba mbingu zikinguruma, vyombo vya stima vichomolewe.

Mafunzo hayo ni sahihi na yanaokoa maisha. Lakini yanamweka mwenye kompyuta kwenye njia panda. Akiiacha mashine imeunganishwa, radi inaweza kuiunguza. Akiichomoa ikiwa katikati ya kusasisha, anaweza kuharibu mfumo. Mwalimu wa shule ya Nyamache au Kebirigo anayeanza kusasisha kompyuta za maabara saa nane mchana, baada ya vipindi, anaanza kazi hiyo katika saa mbaya kabisa ya siku.

Jibu la pili ni stima yenyewe. Mbali na kukatika kwa kawaida kwa umeme vijijini, sehemu kubwa ya nchi ilijikuta gizani Agosti 25, 2023, kisha Desemba 10 mwaka uo huo, na tena Septemba 6, 2024. Kompyuta ya mezani isiyokuwa na betri ya akiba haina kinga katika hali kama hiyo. Sasisho lililofika nusu hubaki nusu, maktaba moja ikiwa mpya na mwenzake ikiwa ya zamani. Jioni mtumiaji akiagiza kompyuta izimike, programu mbili zinazotakiwa kushirikiana hazielewani tena.

Jibu la tatu, ambalo ndilo zito zaidi, ni kwamba maisha ya wananchi sasa yamefungamana na mashine hizi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2023 kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimewekwa katika jukwaa la eCitizen, watu wengi ambao hawana kompyuta hulazimika kutegemea saiba au kituo cha Huduma. Taarifa za ushuru sharti ziwasilishwe kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA) kufikia Juni 30 kila mwaka. Shule zinatakiwa kupakia alama za tathmini katika mtandao wa Baraza la Mitihani (KNEC). Usajili wa bima mpya ya afya, iliyoanza rasmi Oktoba 1, 2024, pia hufanywa mtandaoni.

Mkulima wa majani chai kutoka Nyansiongo aliyelipa nauli hadi mjini siku ya mwisho ya ushuru, akakuta kompyuta za saiba zimekwama, haelezwi habari za maktaba wala systemd. Anachokijua ni kwamba faini inamngoja. Hasara ya fundi asiyejua kazi yake humwangukia mtu asiyewahi kugusa kompyuta.

Hatua za kuchukua

Habari njema ni kwamba tiba ya tatizo hili haihitaji pesa nyingi. Inahitaji utaratibu.

Hatua ya kwanza ni subira. Taa ndogo ya diski ikiwa inamemeta, mashine bado inafanya kazi. Kompyuta kuukuu yenye diski ya kuzunguka inaweza kuchukua nusu saa au zaidi kukamilisha sasisho. Kwenye Ubuntu, kubonyeza kitufe cha Esc wakati wa kuzima huondoa picha ya nembo na kuonyesha maandishi yanayotaja huduma gani inayosubiriwa. Jina hilo liandikwe kwenye karatasi, kwa kuwa ndilo litakalomwongoza fundi.

Hatua ya pili, iwapo mashine imekwama kweli, ni kuizima kwa njia yenye madhara machache. Kwenye Ubuntu, mtumiaji anaweza kushikilia kitufe cha Alt pamoja na kile cha Print Screen, kisha abonyeze herufi S, U na O kwa kufuatana, akipumzika sekunde chache baada ya kila moja. Herufi ya kwanza huandika kwenye diski kilichosalia, ya pili huifunga diski isiandikwe, na ya tatu hukata umeme. Kwenye Windows, njia ya mwisho ni kushikilia kitufe cha kuwashia hadi mashine izimike, baada ya kuhakikisha kwamba taa ya diski imetulia.

Hatua ya tatu ni kusoma kumbukumbu. Kila mfumo huweka shajara ya matendo yake. Kwenye Windows, programu ya Event Viewer huandika tukio nambari 41 au 6008 kila kompyuta ilipozimika ghafla, na nambari 1074 ilipozimwa kwa utaratibu. Kwenye Linux, amri ya journalctl -b -1 huonyesha yaliyojiri mara ya mwisho mashine ilipokuwa imewaka, na mistari ya mwisho ndiyo yenye siri. Fundi anayeanza kufuta na kusakinisha mfumo upya kabla ya kusoma shajara hii ni sawa na daktari anayempasua mgonjwa bila kumuuliza anaumwa wapi.

Hatua ya nne ni kurekebisha. Kwa Ubuntu na jamaa zake, sasisho lililokatizwa hukamilishwa kwa amri ya sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt install -f ikaziba mapengo. Programu ndogo iitwayo needrestart hutaja huduma zote ambazo bado zinatumia maktaba za zamani ili zianzishwe upya. Kwa Windows, amri ya DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth ikifuatwa na sfc /scannow hukagua mafaili ya mfumo na kurejesha yaliyoharibika. Ikiwa tatizo lilianza siku sasisho fulani lilipowekwa, sasisho hilo linaweza kuondolewa hadi marekebisho yatolewe.

Hatua ya tano, ambayo ingezuia nyingine zote, ni kupanga wakati. Katika Gusii, kusasisha kufanywe asubuhi, mbingu zikiwa safi. Mara tu kazi inapokwisha, kompyuta iwashwe upya hapo hapo, kabla ya mtu yeyote kuitumia. Kufanya hivyo hufunga vitabu vyote vya zamani na kufungua vipya. Jioni au mawingu yanapotanda, amri ya kuzima itatekelezwa mara moja, na waya utachomolewa salama.

Kuacha kusasisha si jibu

Wapo wanaoamua kukata mzizi wa fitina kwa kuzuia masasisho yote. Ni rahisi kuwaelewa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mwenye saiba aliyepoteza wateja kwa siku mbili hatamani tena kusikia habari za sasisho.

Hata hivyo, historia inaonyesha hatari ya uamuzi huo. Mnamo Aprili 2014, dunia iligundua kwamba maktaba ya OpenSSL, ambayo hulinda mawasiliano ya siri kwenye intaneti, ilikuwa na tundu lililoitwa Heartbleed. Dawa yake ilikuwa moja tu, nayo ni kubadilisha maktaba hiyo na kuanzisha upya huduma zote zilizoitumia. Waliobadilisha faili bila kuanzisha upya huduma walibaki uchi wakidhani wamevaa. Mnamo Mei 2017, virusi vya WannaCry vilishambulia kompyuta katika nchi zaidi ya 100, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kinga yake miezi miwili kabla. Mnamo Desemba 2021 ikawa zamu ya maktaba ya Log4j.

Upande wa pili nao una funzo lake. Mnamo Julai 19, 2024, sasisho moja lenye kasoro kutoka kwa kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows kote ulimwenguni, na kukwamisha safari za ndege, benki na hospitali. Sasisho hilo lilipelekwa kwa wote kwa wakati mmoja bila kujaribiwa kwa wachache kwanza.

Tukiyaweka matukio haya pamoja, njia ya busara inajitokeza yenyewe. Asiyesasisha huangamia polepole, na anayesasisha zote kwa pamoja huweza kuangamia kwa siku moja. Shule yenye kompyuta 20 ianze na moja. Ikizimika na kuwaka vyema kwa siku mbili au tatu, zifuatie nyingine. Kabla ya hayo yote, nakala za kazi muhimu zihifadhiwe kwenye diski ya nje ambayo haijaunganishwa na mashine.

Jukumu la serikali na vyuo

Serikali ya kitaifa imesambaza vifaa zaidi ya milioni moja kwa shule za msingi za umma chini ya mpango wa masomo ya kidijitali ulioanza mwaka 2016. Serikali za kaunti nazo zimekuwa zikinunua kompyuta tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Kununua ni rahisi kwa kuwa kuna sherehe, hotuba na picha magazetini. Kutunza hakuna picha. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kukata utepe kwa sababu kompyuta za zahanati zimesasishwa salama.

Matokeo yake ni kwamba gharama ya utunzaji husahaulika hadi mashine zinapokwama. Bajeti za teknohama za Kisii na Nyamira hazina budi kutenga fungu la utunzaji kando na la ununuzi, na fungu hilo lianze na betri za akiba na vifaa vya kukinga umeme mkali. Mashine inayopewa dakika 15 za ziada baada ya stima kupotea ina nafasi ya kukamilisha kazi yake na kujizima kwa heshima.

Eneo hili halikosi wataalamu. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, hufunza masomo ya kompyuta. Kipo pia Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kisii, na vipo vyuo vya kiufundi vya Keroka na Ekerubo Gietai. Wanafunzi wao hutafuta nafasi za mafunzo ya nyanjani kila mwaka, na wengi huishia kupiga fotokopi katika ofisi za Nairobi. Kaunti hizi mbili zingeweza kuwatuma kwa zamu katika shule, zahanati na ofisi za machifu, kila mmoja akiwa na orodha ya mashine za kukagua, kusasisha na kuwasha upya asubuhi moja kwa mwezi. Shule ingepata fundi, naye mwanafunzi angepata ujuzi ambao hauwezi kufundishwa ubaoni.

Vile vile, wenye saiba wanafaa kuuona utunzaji kuwa sehemu ya biashara, sawa na kodi ya nyumba. Nusu saa ya Jumatatu asubuhi iliyotengewa kusasisha ni nafuu kuliko siku mbili za mlango uliofungwa ifikapo mwisho wa Juni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kompyuta inayokataa kuzimika haina ukaidi wala mashetani. Mara nyingi kuna kitabu ambacho hakijarudishwa, na mkutubi anasubiri. Mwenye kuharakisha kuchomoa waya humfungia mlango akiwa ndani, na mwalimu, mkulima au mgonjwa atakayefika kesho asubuhi ndiye atakayekuta mlango huo haufunguki.